Ngoma Haisomwi kwa Masikio Peke Yake

Na Mwanahawa Sefu

Wapo wanaoamini kwamba kuusoma muziki ni kuijua sauti: mizani, ala, ufundi wa koo. Beni inawakatalia. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu walipochukua tarumbeta, gwaride na sare za wanajeshi wa Kizungu wakazifanya zao. Ukiisikiliza tu utaiita mwigo, na ndivyo walivyoiona maofisa wengi wa kikoloni, ukiacha wale walioishuku kuwa njama. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni, aliuliza mengine: nani mwanachama, nani kapewa cheo, michango inakwenda wapi. Akakuta vyama vyenye wafalme na maamiri wao, vikiuguza wagonjwa na kuzika wageni waliofia mbali na kwao. Upande wa Tanganyika vyama vikuu vilikuwa viwili: Marini walikuwa zaidi makarani na waliosoma; Arinoti, wapagazi na vibarua. Kushindana kwao uwanjani kulikuwa siasa ya mji, wakati Mwafrika hana chama cha siasa.

Mpiga tarumbeta atateta kwamba hiyo ni historia ya vyama, muziki umewekwa kando. Ana hoja. Bila mdundo uliovuta umati, hakuna chama ambacho kingesimama. Ila hoja hiyo inadai tuongeze masikio, haidai tufumbe macho. Tazama taarabu. Santuri zimetuhifadhia sauti ya mwimbaji wa Zanzibar, Siti binti Saad, tangu 1928, na tunashukuru. Lakini mwanamke anayenyanyuka katikati ya ubeti kwenda kumtuza mwimbaji, noti akizipunga mbele ya mbaya wake, haingii katika santuri. Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga, ameonyesha uzito wa kitendo hicho: tuzo ndiyo inayoamua ubeti unamsema nani usiku ule. Mtunzi katega fumbo, mtoa tuzo kalifumbua (na mtunzi kanawa mikono yake).

Kanda iliyotunzwa vyema itasubiri miaka hamsini. Aliyekuwapo uwanjani hawezi. Kwa hiyo vyuo vyenye idara za muziki viwatume wanafunzi kwanza kwa wazee wa vyama vya ngoma na kina mama wa taarabu. Wala wasiishie kwa wazee, kwani muziki wa singeli unapigwa Dar es Salaam leo hii na mashahidi wake ni vijana. Daftari za wanafunzi hao ziandike nani alitoa tuzo, kwa wimbo gani, na nani alinuna.