Tikiti unayo, je, kiti unacho?

Hazipiti wiki nyingi hapa Nairobi bila kusikia kuna jamaa wanaofunga masanduku kwenda Ulaya. Huyu ni kijana aliyepata nafasi chuoni, yule ni mama anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Hamburg. Habari za viza na ndege huzungumzwa miezi mingi. Lakini ndege hukufikisha Frankfurt au Paris tu, na kutoka hapo watu wengi humalizia safari kwa treni. Ndipo linapozuka swali ambalo halikuwa katika hesabu: je, nilipie kiti mapema au nijipandie tu?

Hapa kwetu swali hilo halipo. Tangu Madaraka Express ianze safari Mei 31, 2017, tikiti ya Nairobi hadi Mombasa huja na nambari ya behewa na nambari ya kiti. Ukilipa nauli umelipia pa kukaa. Mkenya akifika Ujerumani hudhani mambo ni hayo hayo. Kumbe kule tikiti ya kawaida ni ruhusa ya kupanda tu. Kiti ni shauri jingine na hulipiwa kando. Ndiyo sababu unaweza kumwona mzee wa heshima zake, ametoka kwenye ndege ya usiku kucha, amesimama mlangoni mwa behewa kati ya masanduku, tikiti ya bei ghali mkononi, wala hakuna aliyemkosea.

Basi kwanza jua unapanda treni ya aina gani. Zile za kasi za Ufaransa ziitwazo TGV, na Frecciarossa za Italia, na AVE za Uhispania, hazina mjadala: kiti ni lazima, na ukinunua tikiti ya kawaida kimo ndani ya bei. Eurostar ya kutoka Paris kwenda London ni vivyo hivyo, ila hiyo nakuonya kuhusu jambo kubwa kuliko kiti. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza. Pasipoti hukaguliwa pale pale Paris kabla hujapanda, kwa hivyo usilipe mpaka uwe na viza zote mbili.

Wanaoumia kwenye treni hizi za lazima ni wale wenye Eurail, ile tikiti moja ya kuzunguka nchi nyingi, ambayo huuzwa kwa sisi tunaoishi nje ya Ulaya. (Mwanafunzi Mkenya mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hununua ya wenyeji, Interrail.) Vijana huipenda kwa kuwa inaonekana kama uhuru mtupu. Lakini kwenye TGV mwenye Eurail bado hulipia kiti, mara nyingi Yuro 10 au 20, na nafasi walizotengewa watu wa aina yake zina kikomo. Zikiisha zimeisha, hata kama treni yenyewe ina viti vitupu. Sasa fikiria uko Paris Ijumaa jioni, pesa za mwezi zimehesabiwa, na Jumatatu asubuhi unatakiwa kujisajili chuoni Strasbourg. Utalala Paris kwa gharama, au utanunua tikiti mpya kwa bei ya dakika ya mwisho. Njia ya kujiokoa ni treni za mikoa, TER, ambazo Eurail hupanda bila kulipia kiti. TGV hufika Strasbourg kwa muda usiofika saa mbili. TER huchukua karibu saa tano. Kwa mwanafunzi mwenye kitabu na mkate, si mwendo mbaya.

Turudi Ujerumani, maana huko ndiko uamuzi ulikoachwa mikononi mwako. Treni ndogo za mikoa hata ukitaka kulipia kiti kwa kawaida hakuna wa kupokea pesa zako. Shauri liko kwenye zile za masafa marefu, ICE na IC. Zamani familia ya hadi watu watano iliweza kuwekewa viti vyote kwa Yuro 10.40. Mpango huo ulifutwa Juni 2025, na bei ya kiti kimoja daraja la pili ikapandishwa hadi Yuro 5.50. Kwa hivyo baba, mama na watoto wawili wakawa wanatakiwa kutoa Yuro 22, zaidi ya shilingi 3,000, kwa kwenda tu.

Nawasikia mkiguna. Mimi naona hivi: ukiwa peke yako, una begi moja, na ni Jumanne asubuhi, weka pesa zako mfukoni. Juu au kando ya kila kiti kuna kibao kinachoonyesha kimelipiwa kutoka wapi hadi wapi. Kikiandikwa Fulda hadi München nawe umepanda Hamburg, ni chako mpaka Fulda. Tena mwenye kiti asipotokea kwa dakika 15 baada ya treni kuondoka alipopaswa kupanda, haki yake imekwisha.

Lakini Ijumaa alasiri, Jumapili jioni, Krismasi na Pasaka, lipa. Wanafunzi na wafanyakazi wa nchi nzima wako njiani siku hizo. Na ukisafiri na mtoto au mzazi mzee, lipa hata kama ni hiyo Jumanne. Mtoto wa chini ya miaka 6 husafiri bure, ila bure hiyo haimpi kiti. Kutoka Hamburg hadi München ni karibu saa sita. Kumpakata mtoto wa miaka minne saa sita umesimama ni adhabu ambayo hata wewe unayeguna hungempa adui yako. ICE nyingi zina chumba kidogo cha wenye watoto wachanga. Ulizia hicho kwanza.

Jambo moja la kuangalia ni kuunganisha treni. Mwaka 2024 ni kama 62 tu katika kila 100 za masafa marefu zilizofika kwa wakati huko Ujerumani, nao huhesabu imechelewa ikipitisha dakika sita. Sifa ile ya Wajerumani na saa, kwa upande wa reli, imepungua kidogo! Ukilipia kiti kwenye treni ya pili huku umejiachia dakika nane za kubadilisha, huenda kiti kikaondoka bila wewe. Jipe nusu saa, au lipia ule mwendo mrefu peke yake.

Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji zisikusumbue. Treni zao nyingi za ndani hupandwa bila kiti cha kulipia, isipokuwa zile za watalii za Uswisi kama Glacier Express. Treni za usiku, kama Nightjet za Austria, ni lazima, na vitanda huisha mapema. Wazazi waliowahi kulala kwenye ile treni ya zamani ya Nairobi hadi Mombasa hawatashangazwa na vyumba vya kulala pamoja.

Na ukikuta mtu amekalia kiti ulicholipia? Sisi tuliolelewa kuwapisha wakubwa huona haya kumwinua mtu. Usione haya. Mwonyeshe nambari yako kwa adabu, naye ataondoka bila ubishi, kwa kuwa kibao alikiona. Nawe ukiinuliwa, inuka hivyo hivyo. Kabla ya kupanda, tazama ubao wa stesheni: behewa lako litasimama chini ya herufi fulani, A, B, C na kuendelea. Wapeleke watoto na masanduku hapo mapema, kwa maana ICE ni ndefu, husimama dakika chache tu, na kupenya katikati ya watu na kigari cha mtoto tangu behewa la 2 hadi la 12 ni kazi.