Mashujaa Tuliowaona kwa Masikio

Mwezi wa Mei mwaka 2025, Simba ilipocheza na RS Berkane ya Morocco fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa mabao mawili ugenini na kutoka sare ya bao moja kwa moja katika uwanja wa Amaan, Unguja, kijana wa dada yangu, aliyeketi kando yangu na jezi yake nyekundu imemlowa jasho, aliniuliza swali ambalo tangu jioni ile halijanitoka moyoni. Alikuwa amesikia kwamba klabu yake ilikwisha kufika fainali ya Afrika mara moja kabla ya hapo, mwaka 1993, naye akataka aione. "Mjomba," aliniuliza, "nitaiona wapi?" Nilitafuta pamoja naye mpaka usiku ukawa mwingi, tusipate ila picha chache zilizofifia na maelezo yaliyopingana, nikabaki na ulimi wangu peke yake kuwa ndio ithibati.

Mimi nilizaliwa Pangani, pale mto unapoingia baharini, na katika utoto wangu safari ya Dar es Salaam ilikuwa jambo la kupangiwa siku na kuagiwa watu. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni. Vilikuja miaka ya 1990, nami nimekwisha kuwa mtu mzima. Kwa hiyo wale niliowapenda kwa mapenzi ya kitoto, ambayo aghalabu hayapati kifani katika umri wote wa mtu, walinijia kwa masikio tu, wakichukuliwa na sauti za watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam mpaka ndani ya redio ya marehemu mjomba wangu, ambaye asubuhi ya siku ya mchezo aliyatoa mawe ya redio ile akayaanika juani barazani, ili yapate nguvu za kuvuka dakika 90.

Mjomba alikuwa Yanga, na kwa kuwa yeye alikuwa Yanga nami nilikuwa Yanga, kama nilivyokuwa wa nyumba yake na wa chano chake. Alikuwa na kawaida ya kutuhesabia mabao ya tarehe 1 Juni 1968, siku Yanga ilipoifunga Sunderland, ambalo ndilo jina Simba ililokuwa nalo hadi mwaka 1971, mabao matano kwa bila: Maulid Dilunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja; akiyataja kwa mfuatano na kwa taadhima, mfano wa mtu atajaye nasaba yake mbele ya wageni. Akimaliza hayo hutuhamishia Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, Agosti 1974, ambako Simba ilikuwa imekwisha kushika ushindi mkononi, mpaka Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho na Sunday Manara akafunga la pili katika muda wa nyongeza. Manara huyo, ambaye baadaye alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles na anahesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya, watu walimwita Kompyuta katika zama ambazo wengi waliolitamka jina hilo hawakupata kukiona chombo chenyewe. Nilijua tu kwamba kompyuta ni kitu kisichokosea, na ilinitosha.

Basi ikafika Jumanne ya tarehe 19 Julai 1977, siku ya Simba na Yanga. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tulikaa barazani watu wapatao kumi na watano, wakubwa mikekani na watoto chini, redio juu ya kigoda, na jina lililotoka katika redio ile tangu mwanzo wa mchezo hata mwisho wake lilikuwa moja: Abdallah Kibadeni wa Simba. Alifunga bao la kwanza, akafunga jingine kabla ya mapumziko, na mchezo ulipokuwa ukielekea kwisha akafunga la tatu. Jumanne Hassan, aliyejulikana kwa jina la Masimenti, akafunga mawili. Na moja Yanga ikajifunga yenyewe. Sita kwa bila. Hadi leo, katika mechi za ligi za watani hawa wa jadi, hajatokea mwingine aliyefunga mabao matatu katika mchezo mmoja.

Nakumbuka kwamba baada ya bao la nne wazee wawili waliinuka wakaondoka bila kuaga, na mwingine akamwambia mjomba aizime redio, kwani mawe yanaliwa bure. Mjomba alitutazama sisi watoto tuliokuwa tumetoa macho, akaiacha. Alikaa pale, mikono juu ya magoti, akasikiliza mpaka filimbi ya mwisho, kisha akaondoka kwenda kutawadha. Nami katika saa ile, huku nikiona haya na hofu, nilijijua kuwa nimehama. Miezi mingi nilificha siri hiyo kifuani, kwa maana katika nyumba yetu ilikuwa kama kuvunja udugu, hata siku moja tulipokuwa peke yetu ufukoni nikamwambia. Alinyamaza kitambo. "Umempenda nani?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nimempenda Kibadeni. "Basi si kosa," alisema, "hata mimi nilimsikia."

Miaka 16 ilipita kabla sijamwona Kibadeni kwa macho yangu, na siku niliyomwona ilikuwa ya jitimai. Ilikuwa ni fainali ile ile aliyoiulizia mpwa wangu, ya Kombe la CAF mwaka 1993, naye ndiye aliyekuwa kocha wa Simba. Timu ilikuwa imetoka Abidjan na sare ya bila kwa bila dhidi ya Stella, na nchi nzima ikaamini kwamba kombe limekwisha kuja nyumbani. Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa leo Uwanja wa Uhuru, ulijaa tangu jua halijapanda. Golini alikuwapo Mohamed Mwameja, na mbele yake vijana kama George Masatu, Hussein Masha na Edward Chumila, ambao kwa waliozaliwa baada yangu ndio mashujaa wa utoto kama Kibadeni alivyokuwa kwangu. Tukafungwa mawili kwa bila. Watu walilia hadharani, watu wazima wenye wake na watoto. Nilimtazama yule mtu kandokando ya uwanja, ambaye mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa wachezaji walioifikisha Simba nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, wakatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, nikaona kwamba mzigo ule ule wa Afrika alikuwa ameubeba mara mbili, mara ya kwanza kwa miguu yake na mara ya pili kwa akili yake, na mara zote mbili ukamponyoka karibu na mlango. Mapenzi yangu kwake yalizidi.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu hayapo mahali pengine. Yamo kifuani mwangu, na nusu yake nyingine ilikuwa kifuani mwa mjomba, ambaye amezikwa nayo. Mwaka jana niliketi na wazee watatu wanywaji kahawa, wote watatu walikuwapo uwanjani mwaka 1977, wakashindana juu ya bao la tatu la Kibadeni: mmoja aliapa kuwa lilikuwa la kichwa, wa pili akasema ni la mguu wa kushoto, wa tatu akadai kwamba mlinda mlango aliugusa mpira. Hapakuwa na kanda ya kuwaamua. Wakiondoka hao, hata ubishi wenyewe hautakuwapo.

Yupo atakayesema kwamba wachezaji wa leo wana mbio zaidi na mafunzo zaidi, na kwamba kumbukumbu haziongezi pointi katika msimamo wa ligi. Juu ya mbio na mafunzo simpingi. Lakini na aniambie, watu 60,000 wanaoujaza uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga wametoka wapi? Kwa sehemu kubwa wamerithi: huyu kwa baba, huyu kwa shangazi, yule kwa jirani aliyekuwa na redio. Yanga ina umri tangu mwaka 1935 na Simba tangu 1936, na katika muda wote huo rasilimali ambayo haikupata kuuzwa wala kuvunjika ni majina haya yanayopokezanwa vizazi kwa vizazi. Mpwa wangu ni Simba kwa sababu ya mabao yaliyofungwa kabla mama yake hajaolewa. Na yeye naye ana mashujaa wake wa utotoni: akimtaja Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefunga katika ushindi wa tano kwa bila dhidi ya Yanga tarehe 6 Mei 2012, akafariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam siku 11 baadaye, sauti yake hubadilika.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba tunafanya dhuluma. Mchezaji wa zamani tunamkumbuka akiugua kwa kumchangia dawa, na akifa kwa rambirambi na kwa kimya cha dakika moja uwanjani, ilhali katika miaka yote aliyokuwa hai na akili timamu hatukumpelekea hata mtu mmoja mwenye kalamu. Klabu hizi zina majengo yao Kariakoo, moja Msimbazi na jingine Jangwani. Kila moja na itenge chumba kimoja, iajiri watu wawili wenye subira, iwatume Tanga, Mwanza, Kigoma na Unguja wakanase sauti za wachezaji wale na za waliowasikiliza. TBC, iliyorithi Radio Tanzania, na ifungue kanda zake za matangazo ya mpira, zile zilizosalia, zinakiliwe kabla hazijaoza. Gharama yake haifiki usajili wa mshambuliaji mmoja wa kigeni.

Nawe msomaji usingoje klabu. Ikiwa nyumbani kwako yupo mzee aliyekuwapo uwanjani Jumanne ile, au aliyeisikia redioni, awe wa Msimbazi au wa Jangwani, mketishe leo jioni, uweke simu yako karibu naye inase sauti, umuulize alimpenda nani, kisha usimkatize.