Hoteli ya Kijani na Haki ya Anayeifagia



Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na hasa Nairobi, imezuka aina ya hoteli ambayo haitosheki tena kujitangaza kwa fahari. Hujitangaza kwa wema. Mgeni huambiwa kwamba akilala humo atapumzisha mwili na roho, atakandwa kwa mafuta ya mimea, atakula mboga zilizopandwa juu ya paa, na papo hapo atakuwa ameihurumia dunia, kwa kuwa maji ya kuoga yamepashwa moto kwa jua na mirija ya plastiki imeondolewa mezani. Kwa usiku mmoja hulipa fedha ambazo familia nyingi za mji huohuo huishi nazo mwezi mzima.

Hatuandiki ili kuvikejeli vitu hivyo. Jua likipasha maji, mafuta machache huchomwa, na hilo ni jema. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha tusidharau hata matendo madogo ya kutunza uumbaji. Lakini waraka huohuo haukubali mateso ya ardhi yatenganishwe na mateso ya maskini. Hapo ndipo ugomvi wetu na hoteli ya kijani unapoanzia.

Itazameni ile kadi ndogo ya bafuni. Inamsihi mgeni atundike taulo alilotumia ili alitumie tena, mito na bahari zipate kusalimika. Mwaka 1986 mtetezi wa mazingira wa Marekani, Jay Westerveld, aliandika juu ya kadi za namna hiyo, akadai kwamba kilichookolewa kwanza ni gharama ya kufua. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa lile neno la Kiingereza lenye maana ya kuupaka uchafu chokaa ya kijani. Sisi tuliolelewa na Injili ya Mathayo hatuhitaji kuelezwa chokaa hupakwa juu ya nini.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbali zaidi ya taulo. Huko Marekani, kampuni ya Starwood, ambayo Marriott iliinunua mwaka 2016, ilikuwa na mpango wa kumzawadia mgeni aliyekubali chumba chake kisisafishwe, yote kwa jina la mazingira. Mwaka 2018 zaidi ya wafanyakazi 7,000 wa hoteli za Marriott waligoma katika miji kadhaa, ikiwemo Boston, San Francisco na Honolulu, na mpango huo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Wasafishaji walieleza jambo ambalo mama yeyote wa nyumbani angelijua bila kuambiwa: chumba kilichoachwa siku tatu bila kuguswa huwa kichafu maradufu, na muda wa kukisafisha haukuongezwa. Saa zao za kazi zilipunguzwa, ujira ukapungua nazo, huku mgeni akiondoka na zawadi na dhamiri iliyotulia. Nani basi aliyeugharimia wema ule?

Tumesimulia ya mbali kwa sababu kadi ileile imening'inia Nairobi pia, na hapa mlinzi wa mfagizi ni dhaifu kuliko kule. Wafanyakazi wengi wa usafi huletwa kupitia wakala, leo wapo, kesho hawakuitwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hageuzwi tena mtu wa kutwa. Anastahili mkataba wenye malipo ya mwezi. Sheria hiyo haimfikii mtu anayeogopa kwamba akiitaja hataitwa kesho. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziweka ibara tatu bega kwa bega: ya 41 juu ya haki kazini, pamoja na ujira wa haki, ya 42 juu ya mazingira safi, ya 43 inayotaja, pamoja na mengine, maji safi ya kutosha. Hoteli ya kijani huifungua Katiba katika ibara ya 42, ikaruka jirani wa kushoto na wa kulia.

Na hayo maji! Nairobi hunywa kwa sehemu kubwa kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mitaa mingi imezoea maji ya mgawo. Tajiri hujichimbia kisima, ilhali maji ya ardhini chini ya mji yamekuwa yakishuka kwa miaka mingi. Bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha mita moja na nusu hujaa kwa lita 375,000, yaani mitungi 18,750 ya lita 20. Tutajibiwa kwamba maji hayo huchujwa na kutumiwa tena. Tunakubali. Bado mama wa mtaa wa vibanda hununua mtungi wake kwa bei ambayo, lita kwa lita, humzidi mwenye bomba.

Tarehe 26 Novemba 2015 Baba Mtakatifu alizungumza Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, juu ya tabianchi. Kesho yake alikwenda Kangemi, katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akasema kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha kiofisi ni dhuluma kubwa. Kutoka Kangemi hadi hoteli za Westlands ni mwendo mfupi wa matatu, barabara ileile ya Waiyaki. Aliona lazima afike kote kuwili.

Hoteli hizi haziishi kwa watalii peke yao. Huishi kwa semina, na nyingi ni za mashirika yanayopigania mazingira na haki, yakiwemo ya kidini. Basi mwenye kulipa ana nguvu ya kuuliza. Kabla ya kutia sahihi, tunaziomba ofisi za majimbo, parokia na mashirika yote yaulize: wasafishaji wameajiriwa na nani, na kwa mkataba gani? Wako huru kujiunga na chama chao, KUDHEIHA? Mgeni akikataa kusafishiwa chumba, ujira wa msafishaji unabaki vilevile? Maji yanatoka wapi? Majibu yaletwe kwa maandishi, pamoja na bei ya ukumbi. Naye atakayetumwa kukagua ukumbi huo aombe kuonyeshwa pia mlango wanaoingilia wafanyakazi, na mahali wanapolia chakula cha mchana.