Kulewa Alilewa na Watu, Kuacha Mnataka Aache Peke Yake

Kila ukoo una kikao chake cha mlevi. Kaogeshwa, kavalishwa shati safi, kakalishwa katikati ya wajomba na mashangazi, macho chini. Hotuba zikishachosha watu, mkubwa mmoja anafunga kesi: "Ukiamua kuacha unaacha. Ni nia yako tu." Mlevi anaapa, chakula kinaletwa. Wiki mbili haziishi, karudi baa, na ukoo unatikisa vichwa: si tulisema hana nia?

Sijui uongo mwingine unaorudiwa kwa unyofu kama huu. Unamwacha mgonjwa bila msaada, na ndugu zake wanalala usingizi wakijua wametimiza wajibu.

Tazameni anavyokunywa. Mlevi wa miaka mingi ana meza yake. Mhudumu akimwona mlangoni hamwulizi atakunywa nini, anauliza "baridi au moto?" Ijumaa asipotokea anapigiwa simu. Akifiwa, meza inachanga. Mfuko ukiwa mkavu, yupo wa kumwagizia mbili. Nenda kilabu cha mbege Moshi, cha ulanzi Iringa, kibanda cha chang'aa Kisumu: hakuna mnywaji asiye na wenzake. Mtu huyu, aliyelelewa kwenye pombe na jumuiya nzima, ndiye tunayemwambia ashindane nayo akiwa kajifungia chumbani.

Na huko chumbani anaweza kufa. Aliyezoea kunywa sana kila siku, mwili wake umejipanga kwa ajili ya pombe. Akikata ghafla, ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi unakimbia. Wengine hupata degedege. Wengine, siku ya pili au ya tatu, wanaona wadudu wakitambaa ukutani, hawajui wako wapi, na bila matibabu baadhi yao hawaponi. Ndugu anayemfungia mtu ndani "mpaka imtoke" anacheza na roho ya mwenzake. Mtu wa namna hiyo aanzie hospitali.

Baada ya hospitali, atafutiwe wenzake. Hapo ndipo wakubwa wetu wanapocheka: yaani mlevi akatibiwe na walevi? Ndiyo. Mei 1935, dalali wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa hotelini Akron, jimbo la Ohio huko Marekani. Alikuwa ameacha pombe miezi mitano tu, dili lililompeleka limevunjika, na baa ya hoteli aliisikia ikichangamka. Nia alikuwa nayo, na alijua haitoshi. Akaanza kupigia simu viongozi wa makanisa, akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji, naye mlevi. Daktari alikubali kumpa robo saa. Walikaa zaidi ya saa sita. Smith alikuwa msomi, mtu wa sala, na alishajaribu kila alichoshauriwa. Kilichokuwa kigeni kwake ni kuzungumza na mtu aliyeyapitia yale yale. Alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na Alcoholics Anonymous, AA, umoja wa vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake.

Siyo hadithi za kutiana moyo tu. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 kuhusu AA zenye watu zaidi ya 10,000. Katika kumfanya mtu aache kabisa na adumu, mipango ya kitaalamu inayomwingiza mgonjwa kwenye AA ilizipiku tiba nyingine zinazotambulika. Haimponyi kila mtu. Wapo wanaokuja mara moja wasirudi, na wapo wanaoanguka na kuanza upya. Lakini nionyesheni utafiti uliopima kikao cha ukoo.

Nasikia pia kwamba vikundi ni mambo ya Wazungu. Haya yanasemwa katika nchi yenye vikoba kila mtaa, upatu kila ofisi na jumuiya ndogondogo kila parokia! Wengine wanaogopa aibu, mgonjwa asije akajulikana. Ajulikane mara ngapi? Mtaa mzima umeshamwokota mtaroni.

Shida ya kweli ni kuupata mkutano wa AA. Nairobi na Dar es Salaam mikutano ipo. Ukitoka miji mikubwa, utaulizia sana. Aliye Kenya apige 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Aliye Tanzania aanzie kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Akiupata mkutano, aulize kama ni wa wazi, ambao hata mke au kaka anaweza kukaa, au ni wa walevi wenyewe. Hakuna fomu wala kiingilio, jina moja linatosha, na sharti la uanachama ni kutaka kuacha.

Pasipo na mkutano, uanzishwe. Wawili walitosha Akron. Kinachokosekana ni chumba, na kumbi za makanisa na madarasa ya madrasa hukaa yamefungwa jioni nyingi za wiki. Najua wazee wa kamati watauliza nani atalipia umeme. Kwa desturi ya AA kofia hupitishwa, kila mwanachama anatia alichonacho, na kodi ya chumba hutoka humo humo. Wafungue mlango.