Fizikia ya Mpemba haihitaji mkalimani

Upo uongo mmoja uliokaa miongoni mwetu hata ukaota mvi: kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, mawaidha na misiba, na kwamba yakifika masuala ya sayansi hukunja jamvi lake na kukipisha Kiingereza. Uongo huu hausemwi na wageni tu. Husemwa na watangazaji wanaokula kwa Kiswahili chao, na hunyamaziwa nasi washairi, tunaoweza kubishana wiki nzima juu ya mizani moja iliyopungua katika kibwagizo ilhali hatuna habari kama neno uvukizi lipo au halipo.

Nayasema haya kwa kuwa mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukiandaa makala ya redio juu ya Erasto Mpemba. Mhariri wa vipindi wa kituo kimoja hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja, aliupokea muswada wetu kwa bashasha, kisha akaurudisha na sharti. Sehemu ya fizikia iondolewe, au aletwe mtaalamu aieleze kwa Kiingereza kwa dakika mbili. Kinachobaki kiwe kisa cha kijana wa aiskrimu. Sababu aliyoitoa ni kwamba msikilizaji wa Mbagala na Tandale hataelewa. Mimi ni mtu wa Mbagala. Sikupenda kusemewa.

Kwa asiyemjua Mpemba, kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa haba na kila mmoja aliiwania. Mpemba akaamua kutongoja. Akatia maziwa yake yangali moto. Mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa kabisa akakuta yake bado uji, na ya Mpemba yamekwisha kuganda. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye mjini Tanga alikuta kwamba watengenezaji wa aiskrimu walilijua jambo hilo na walilitumia katika biashara yao. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaigeuza kauli hiyo kuwa mzaha wa kila siku.

Ndipo akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kimoja, vyombo vya namna moja, kwa nini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe maabara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la *Physics Education* la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, kazi aliyoifanya baadaye. Mwaka huohuo wa 1969 G. S. Kell wa Kanada aliandika juu ya jambo hilohilo katika jarida jingine, na wa kale, tangu Aristotle, walikuwa wamelitaja. Hata hivyo dunia ya wanafizikia imelipa jina la Mpemba.

Sasa tazama mhariri anachotaka. Anataka tubaki na friza, kicheko cha darasa na mzungu mwema. Anataka tumtoe Mpemba sauti yake tena, safari hii kwa kumpamba. Kilichomfanya Mpemba awe Mpemba si aiskrimu, kwani wangapi wamekula aiskrimu. Ni swali, na swali lake ni la fizikia. Ukiliondoa swali umebaki na kijana aliyebahatika.

Je, haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili? Na tuone. Maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa uvukizi, hivyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Maji yaliyochemshwa huwa yamepungukiwa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ndani ya chombo yale yenye joto hupanda na yaliyopoa hushuka, mzunguko ambao vitabu vyetu huuita myuko, nao hubadili kasi ya kupoa. Chombo cha moto huyeyusha utandu wa barafu ulio chini yake, kikagusana barabara na bati la friza, na joto likatoka kwa mpitisho. Tena maji yaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yasigande, yakingoja cha kuyachochea, na huenda ya baridi hungoja zaidi. Hizo ndizo hoja kuu zilizotolewa, na hakuna hata moja iliyomaliza ubishi. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo lenyewe hutokea katika maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaonyesha, katika jarida la *Nature*, chembe ndogo mno iliyoanza na joto zaidi ikiitangulia kupoa ile iliyoanza na joto pungufu.

Katika aya hiyo sikukiomba Kiingereza chochote isipokuwa jina la jarida. Friza ni mgeni aliyekwisha kupata uraia.

Maneno hayo sikuyabuni mimi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Tangu 1967 watoto wa shule za msingi wamesoma sayansi kwa Kiswahili nchi nzima. Msikilizaji wa Mbagala aliyemaliza darasa la saba ameyasikia maneno haya. Aliyesahau ni mhariri, aliyepanda sekondari akaambiwa ayatupe mlangoni.

Naam, ziko shida za kweli, na hizo ndizo zingestahili kutunyima usingizi. Kitenzi ganda kinabeba mizigo miwili: maji huganda kwa baridi, na maziwa mgando huganda kwa uchachu. Katika kisa kinachohusu maziwa ndani ya friza, mtego huo haukwepeki. Iko pia joto dhidi ya halijoto: la kwanza ni kitu kinachotoka na kuingia, la pili ni kipimo chake, na wengi wetu twayachanganya, wapo wanaopendelea jotoridi, neno ninalolipenda kwa kuwa limefunga joto na baridi katika fundo moja, ingawa masikio ya redio hulikataa.

Nilikwenda Tandika kwa mama mmoja auzaye barafu za ukwaju na ubuyu katika vifuko vya plastiki. Nilimwuliza kama hutia juisi ikiwa moto. Akaniambia, "Mwanangu, ikiwa moto kifuko kinalegea, na friza inanimalizia umeme wa LUKU. Naiacha ife moto kwanza, ikishakuwa vuguvugu naifunga." Kisha akanitofautishia moto, uvuguvugu, kupoa na kuzizima bila kupapasa neno. Huyo ndiye aliyedhaniwa hataelewa. Nasi hatukuhitaji kumfundisha halijoto. Tulihitaji tu kumwonyesha kwamba anaipima kila siku kwa kiganja.

Wanaodai kwamba hili halijapata kufanyika watazame Bengali. Satyendra Nath Bose ndiye aliyemwandikia Einstein kutoka Dhaka mwaka 1924, na kundi zima la chembe limepewa jina lake, ingawa tuzo ya Nobel hakuipata. Mtu huyo, ambaye angeweza kujificha ndani ya Kiingereza maisha yake yote, mwaka 1948 alianzisha Calcutta jumuiya ya kueneza sayansi kwa Kibengali, Bangiya Bijnan Parishad, yenye jarida lake. Mwaka 1963, Mpemba akiwa mbele ya friza Magamba, jarida hilo lilitoa toleo la makala za utafiti tupu kwa Kibengali, ili kuwaziba midomo waliosema haiwezekani. Bose hakungoja istilahi zikamilike ndipo aandike.

Na sisi washairi? Utendi ulikuwa chombo cha maarifa kabla haujawa pambo la sherehe. Mwana Kupona mwaka 1858 alimtungia bintiye mafunzo, hakumtungia vigelegele. Leo ukimpa malenga mada ya uvukizi atakwambia haina ladha. Ladha ipo, mtungaji ndiye amelala.

Muswada wetu umebaki na fizikia yake yote, na umepelekwa kwingine. Jambo moja bado linatugawa watu watatu. Vitabu husema athari ya Mpemba. Mimi napinga, maana athari masikioni mwa wengi ni madhara, kama kwamba Mpemba ni mafuriko, na tayari kuna watakaodhani ni habari ya mtu wa Pemba. Mwenzangu mmoja ataka ajabu ya Mpemba, lakini ajabu hufunga mjadala badala ya kuufungua. Nimependekeza tokeo la Mpemba, nao wasema ni kavu. Mwenye neno bora alilete kabla hatujaingia studio.