PAMBA ILING'OLEWA, SISI TUNACHORA MAJI

Nipo jamani. Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wale mnaouliza kama nimehama nchi, hapana, nimekuja nyumbani Bahi kwa likizo. Jua lilelile, vumbi lilelile, na habari ya mjini huku ni mpunga tu. Nilidhani nitapumzika. Badala yake nimekasirika, na nikikasirika mnajua kinachofuata.

Kilichoniudhi ni ukuta. Kuna shule ya msingi huku kwetu (jina naliacha, walimu wake ni watu wema wanaojitahidi) ambayo ukuta wake umechorwa Vita vya Maji Maji. Mzee mwenye ndevu nyeupe ameshika kibuyu. Vijana wameinamisha vichwa wananyunyiziwa maji. Pembeni, kijana mmoja yuko hewani mbele ya bunduki ya rashasha, mikono juu, mkuki umemponyoka. Chini pameandikwa MAJI MAJI 1905. Basi.

Mpwa wangu wa darasa la sita akanishika mkono. "Mjomba, hivi babu zetu walikuwa wajinga kiasi hicho?"

Sikuwa na jibu la haraka. Hili hapa ni jibu la polepole.

Kwanza tukumbushane vita vile vilianzaje. Serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imeleta mashamba ya pamba ya lazima katika wilaya za pwani na kusini. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilime. Kwenye makaratasi ilikuwa siku 28 kwa mwaka. Shambani ilikuwa habari nyingine: viboko, akida amesimama kichwani, na shamba lako mwenyewe linaota magugu wakati wewe unapalilia la Mjerumani. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba kuna waliokataa hata kuyapokea.

Kweli, maji yalikuwepo. Tangu 1904 watu walikuwa wakienda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, na habari zikasambaa kwa minong'ono kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini tendo la kwanza la vita lilikuwa jingine kabisa. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Wamatumbi, watu walipanda hadi kwenye shamba la pamba. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakang'oa mashina machache. Ndivyo vita vilivyotangazwa. Hakuna aliyechomwa mkuki. Mtu aliinama, akashika shina alilolazimishwa kulipanda, akalivuta na mizizi yake.

Niambieni, ni mchoraji gani anayekosa picha hapo?

Mimi nimetafuta. Katika michoro ya vitabu vya shule, kalenda na kuta nilizoziona, sijakutana na hata mmoja wenye shina la pamba mkononi. Kibuyu kipo kila mahali.

Picha hiyo ya kibuyu na rashasha tumeirithi. Mchoro mkubwa unaojulikana zaidi kuhusu vita hivi ni wa Mjerumani Wilhelm Kuhnert, aliouchora mwaka 1908, unaoonyesha mapigano ya Mahenge ya tarehe 30 Agosti 1905. Huyu Kuhnert alikuwa koloni mwaka huohuo wa vita. Umaarufu wake ulitokana na nini? Kuchora simba na tembo. Sina ugomvi na simba wake, ni wazuri. Lakini fikirini: picha ambayo dunia inaijua ya babu zetu wakipigania nchi yao imetoka kwenye brashi ya mchora wanyama aliyekuwa upande wa boma.

Na kwa nini Mahenge? Kwa sababu Mahenge boma lilisimama, na rashasha zilifanya kazi yake. Katikati ya Agosti hiyohiyo, boma la Liwale lilichomwa moto likaanguka mikononi mwa wapiganaji. Liwale nani kaichora? Wajerumani hawakuwa na sababu ya kuichora, naelewa. Sisi je? Tumechukua siku tuliyoshindwa, tukaitundika ukutani kama ndiyo siku ya kwanza.

Halafu tazameni tarehe. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mahenge ilipopiganwa alikuwa kaburini siku 26. Lakini wachoraji wetu wanamweka mzee na kibuyu chake palepale mbele ya rashasha, kama mganga aliyekuja kutazama dawa yake ikigoma. Na mikuki mitupu! Wamatumbi na Wangindo wengi walikuwa na magobore. Tumewanyang'anya hata bunduki zao ili hadithi ya ujinga ikae sawa.

Sasa najua mtaniletea Ebrahim Hussein. Leteni tu, namheshimu kuliko wengi. Tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969 ndiyo kazi ya sanaa iliyotufanya wengi tujue kwamba kulikuwa na mtu wa namna hiyo. Lakini hebu isomeni tena, siyo kwa ajili ya mtihani. Inaanza na wanawake wanaozungumzia njaa, na waume waliopelekwa kwenye shamba la pamba. Hussein aliiona pamba! Aliona pia kwamba maji yalikuwa kamba ya kuwafunga pamoja watu waliokuwa hawaelewani, na Kinjeketile wake anateswa na shaka kuhusu kamba hiyo hadi mwisho. Sisi tuliosoma kwa kukariri tulichukua kibuyu tukaacha shamba. Kosa si la Hussein.

Kuna watakaosema, "Lakini ni kweli waliamini maji yatageuza risasi." Ndiyo, wengi waliamini. Na askari wa jeshi la Prussia alivaa mkanda wenye bamba lililoandikwa "Mungu yu pamoja nasi". Kwa imani hiyo mamilioni waliingia kwenye mahandaki mwaka 1914, na risasi haikusoma mkanda wa mtu. Mmewahi kuona mchoro wa vita ile ambao kiini chake ni bamba la mkanda, na ujumbe wake ni kwamba Wazungu walikuwa wajinga? Wao wakifa na imani yao wanaitwa mashujaa. Sisi tukifa na yetu tunaitwa washirikina, na tunaochora ni sisi wenyewe!

Kuna atakayeuliza: wewe Mgogo wa Bahi, Maji Maji inakuhusu nini? Vita havikufika kwenu. Kweli, havikufika. Lakini ujenzi wa reli hii inayopita Bahi ulianzia Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1905. Na picha za namna hii tunazijua. Mwaka 1890 Carl Peters alipita Ugogo akipiga watu na kuchoma vijiji, kisha 1891 akatoa kitabu chenye michoro kujisifia safari yake. Katika kitabu hicho Wagogo ni watu waliohitaji kufundishwa adabu. Anayechoma nyumba akishika na kalamu, mwenye nyumba huishia kuwa mkorofi wa hadithi.

Tena njaa tunaijua. Wazee wetu hawakuipa Vita vya Kwanza vya Dunia jina la jenerali wala la mapigano. Walikumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka na ng'ombe, ikaua maelfu ya Wagogo. Na kusini, vita vilivyoanza na mashina machache ya pamba vilizimwa hivyohivyo: maghala na mashamba yalichomwa, watu wakaachwa wafe njaa. Hesabu ya Wajerumani ilisema 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Ukichora kibuyu na rashasha, umechora kama vile waliuawa na imani yao. Ukichora shamba la pamba na ghala linalowaka, umechora waliouawa na serikali. Hizo ni kesi mbili tofauti, na mtoto wa darasa la sita anazihukumu kwa kutazama ukuta.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Vizuri. Lakini ukiwaonyesha wageni mchoro wa mganga aliyedanganya watu, wataomba msamaha wa nini hasa? Na Dar es Salaam, sanamu ya mpiganaji inayojulikana kuliko zote ni ya yule askari wa pale Samora, aliyesimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kwa heshima ya waliowatumikia vitani. Wakenya walimsimamisha Kimathi katikati ya Nairobi mwaka 2007. Mandai na Machela wetu hata vijana waliosoma hawawajui kwa majina.

Sisemi tufute maji. Vita vina jina la maji na jina hilo ni letu. Nasema tuanze mwanzo. Kabla ya risasi kulikuwa na kazi ya lazima, na kabla ya mkuki kulikuwa na mkono uliosema leo silimi. Watu wale hawakuwa wajinga waliokimbilia risasi. Walikuwa wakulima waliopiga hesabu ya siku zao, wakaona wanaibiwa, wakagoma.

Hilo ndilo nililomwambia mpwa wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza pamba inafananaje ikiwa shambani. Huku kwetu mtoto anajua mtama, uwele na mpunga. Nikamchorea mavumbini kwa kijiti, vibaya sana, kwa sababu mimi ni wa kalamu na si wa brashi.

Jana nimeongea na mwalimu mmoja wa shule ile. Anasema upande wa pili wa ukuta uko wazi, ila rangi hakuna. Rangi nitanunua mimi. Kati yenu mnaosoma hapa wapo wachoraji, nawajua, mnachora matangazo ya simu na nyuso za wanamuziki kwenye daladala. Nauli ya basi hadi Bahi si kubwa, na kwa mama yangu ugali wa uwele na mlenda haujawahi kumshinda mgeni. Nani anakuja?