Nyumba Yetu: Usilale na mbabula juu ya nguo mbichi

Mama musomaji, na wewe kijana unayejifulia mwenyewe, leo tuzungumze juu ya kamba ya nguo.

Toka mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 3, hapa Kolwezi mvua haitupatie nafasi. Unaanika asubui, saa nane mawingu inafunga, unakimbia kukusanya. Jioni nguo ziko juu ya viti, juu ya mulango, hata juu ya kitanda cha watoto. Halafu mutu anasema: «Tuingize mbabula ndani zikauke mbio, kesho kuna masomo.»

Hapo ndipo hatari iko. Makala inapowaka inatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ndani ya damu inakamata nafasi ya hewa safi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Mwenye kulala hasikie kitu, anaweza kufa katika usingizi. Usidanganyike na makala mekundu yasiyo na moshi: nayo inatoa gazi ile ile. Ukiona alama hizo, toa watu wote inje mara moja, kisha uwapeleke kwa munganga.

Tena joto peke yake haisaidie. Maji ya nguo haipotee: inatoka katika kitambaa, inaingia katika hewa ya chumba. Beseni moja iliyokamuliwa kwa mikono inaweza kubakia na litre mbili ao tatu. Usiku malata inapoa, maji ile inarudi juu ya ukuta na nyuma ya kabati. Kisha siku chache kuvu nyeusi inaota, na mutoto mwenye pumu anakohoa mupaka asubui.

Basi tufanye namna gani?

Kwanza, kamua mara mbili. Shuka na vikwembe, watu wawili washike, kila mumoja upande wake.

Pili, funga kamba katika baraza ao chumba ambamo hakuna mutu analala. Acha nafasi kati ya nguo na nguo. Fungua mulango na dirisha zinazoangaliana, hewa ipite. Utasema: «Na vumbi ya malori?» Lakini mvua yenyewe inatuliza vumbi ya barabara, ikinyesha, ndiyo saa nzuri ya kufungua.

Tatu, piga pasi pande zote mbili, hata penye mishono. Kuna nzi anayetaga mayai juu ya nguo mbichi iliyo kivulini. Funza wake anaingia katika ngozi, anafanya jipu. Moto wa pasi unaua mayai. Makala ya pasi, uwashe inje, na upige pasi penye hewa.

Ine, nguo za mugodi zifuliwe peke yake, na usizikung'ute ndani ya nyumba. Mwaka wa 2018, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha ya kuwa watoto wa mutaa wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi ndani ya mukojo kuliko watoto wa mutaa mwingine wa karibu.

Kesho mutoto akienda masomo na shati yenye ubichi kidogo, mwalimu ataona tu shati. Ni afazali hivyo, kuliko nafasi yake ibakie wazi. Usiku wa leo, mbele ya kufunga mulango, angalia: mbabula iko wapi?